Kifungu cha Makaburi

Mwandawiro alipoanza kumsalimia "Mulembe," Branice alijua kuna kitu kinapikwa.

Miaka yote aliyokuwa nyapara wa shamba la mkonge la Kirumbi, mzee huyo hakuwa mtu wa salamu. Asubuhi alipita kati ya wakataji na fimbo yake, akigusa fungu moja baada ya jingine, na neno lake lilikuwa lile lile: hili halijafika, rudi ukaongeze. Sasa kampuni imefunga virago, mashine zimeuzwa kama vyuma chakavu, na mtu aliyekuwa akiwapita watu wa Laini kana kwamba anapita vigingi vya ua ameanza kujifunza Kibukusu uzeeni. Anasimama mbele ya kibanda cha chai, anavua kofia, anasema "Mulembe, Mama Chrispine," kwa lafudhi yake nzito ya Kidawida. Branice alimmiminia chai, akamtazama akiinywa, akajiambia kwamba mzee wa umri ule hahangaiki na lugha ya jirani bure. Anataka kitu.

Kitu chenyewe hakikuwa siri. Kila mtu pale Kirumbi alikuwa anakitaka.

Mkataba wa kampuni ulikuwa umekwisha, na baada ya mivutano mingi iliamuliwa kwamba kipande cha shamba kilicho upande wa barabara ya Taveta, hatua chache kabla ya kufika Mraru, kirudi kwa wananchi wanaokaa hapo. Kilianzia Laini, yaani zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari kwa mstari, kikaenda hadi bohari la zamani, tangi la maji na mashamba yaliyo chini ya kilima. Lakini hakingepewa mtu mmoja mmoja. Kingepewa jamii. Shida ni kwamba pale hapakuwa na jamii, palikuwa na watu tu.

Ndambuki, ofisa wa ardhi aliyetoka Voi, aliwaeleza jambo hilo akiwa amesimama juu ya mizani kubwa ya zamani ndani ya bohari, ili wa nyuma wamwone.

"Mkitaka kutambuliwa, lazima muwe kitu kimoja," alisema. "Mfikirie nchi changa, siku ya kwanza ya uhuru. Bendera iko juu, lakini nani ni raia? Sheria zao ni gani? Nani atawaongoza, na akikosea atatolewa vipi? Nyinyi hivyo hivyo. Kwanza mkubaliane mwanachama ni nani. Halafu katiba. Halafu ndio mchague serikali yenu, kamati. Mkianza na kamati mtapigana."

Watu walicheka, wakapiga makofi, wakajiita taifa wiki nzima. Mtu akiishiwa chumvi alimwambia jirani anaomba msaada wa kigeni. Lakini haikuchukua muda kabla hawajaanza kufanya yale yanayofanywa na mataifa, yaani kugawanyika makundi mawili na kuviziana.

Kundi la kwanza lilikuwa watu wa Laini, waliotoka magharibi mwa nchi, wao au baba zao au babu zao, wakafuata reli na mkonge mpaka hapa. Kundi la pili lilikuwa Wadawida walioshuka kutoka milimani kufanya kazi ile ile, ila wao walikuwa na neno moja la ziada: kwamba kabla ya mkonge, hapa palikuwa malisho ya mababu zao. Walilisema kwa upole, katikati ya mazungumzo mengine, kama mtu anayekukumbusha kwamba kiti ulichokalia ni chake lakini hakuna haraka. Watu wa Laini waliusikia upole huo na nywele ziliwasimama.

Branice alikuwa na sababu ya kuogopa kuliko wengi. Mume wake, Nyongesa, alikata mkonge Kirumbi tangu ujana mpaka kifua kilipomuua, miaka michache kabla kampuni haijafunga. Walimpeleka kwao Bungoma, wakamzika karibu na baba yake. Matanga yalipokwisha, mashemeji walimweleza Branice bila kupepesa macho kwamba shamba ni dogo na wana wake, Chrispine na Morris, ndio watakaopewa kijisehemu, siku wakirudi kutoka Nairobi kukidai. Yeye hakutajwa. Kwa hiyo alirudi Kirumbi kwenye vyumba viwili, jiko la nje, kibanda cha chai na kipande cha mihogo nyuma ya Laini. Duniani hakuwa na mahali pengine pa kuweka kichwa. Akipapoteza hapa, basi ataenda kuwa mzigo sebuleni kwa mkaza mwana, na yeye alijua vizuri kwamba hana tabia ya kuvumilika katika sebule ya mtu.

Tena neno lenyewe, katiba, lilikuwa na harufu mbaya Laini. Mama mkwe wake alikuwa akiwasimulia jinsi nchi ilipokuwa ikipata uhuru, wakati wa maneno ya majimbo, watu walivyofunga mizigo yao kwa kamba za mkonge kwa sababu walisikia kila kabila litarudishwa kwao. Hakuna aliyekuja kuwafukuza, lakini mizigo ilikaa mlangoni muda mrefu kabla ya kufunguliwa. Kila kura ya katiba iliyokuja baadaye, mpaka ile ya mwaka wa elfu mbili na kumi, wazee wa Laini waliuliza swali moja tu: inasema nini kuhusu sisi? Sasa katiba imekuja mpaka mlangoni, na kalamu ameshika nyapara.

Ndivyo ilivyokuwa. Kamati ya kuandika ilimweka Mwandawiro kuwa mtungaji na msomaji wa rasimu kwa sababu aliwahi kuandika katiba ya ushirika. Peris, karani wa kanisa kutoka upande wa Wadawida, alikuwa mwandishi. Upande wa Laini walimtoa Ajwang', fundi wa mitambo, mtu wa maneno matamu na shati lililopigwa pasi hata Jumanne. Ajwang' mwenyewe ndiye aliyesimama na kusema Branice naye aingie.

"Huyu mama hawezi kudanganywa," alisema. "Yeye atakuwa jicho letu."

Branice alijisikia mrefu siku hiyo. Hakuna aliyewahi kumwita jicho la kitu chochote.

Alifanya kazi hiyo kwa bidii ya kutisha. Kwenye mikutano ya kuandika alikaa mkabala na Mwandawiro na hakumwondolea macho. Walipogombania jina la jamii, Wadawida wakitaka jina la kilima na Laini wakitaka la kampuni, Mwandawiro alikubali jina hilo la kampuni, Kirumbi, upesi mno, Branice akauliza ni kwa nini amekubali upesi. Mzee aliposema mwenyekiti asikae zaidi ya vipindi viwili, akashuku anataka kumzuia mtu wa Laini asiyejulikana bado. Aliposema wanawake wawe nusu ya kamati, Branice alipenda neno hilo kiasi kwamba lilimkosesha raha mpaka jioni. Peris alimwuliza kama kuna chochote ambacho mzee angesema yeye akakubali. "Aseme amechoka aende nyumbani," Branice alijibu, na Ajwang' akacheka mpaka akajifuta machozi.

Kisha wakafika kwenye kifungu cha uanachama.

Mwandawiro alivaa miwani, akasoma polepole. Mwanachama wa Jamii ya Kirumbi ni mtu aliyezaliwa hapa. Au mtu aliyekuwa kazini hapa siku kampuni ilipofunga. Au mtu aliyemzika mtu wa nyumba yake katika ardhi hii.

Neno kuzika lilimgusa Branice mahali ambapo hakuruhusu mtu kupagusa, hata yeye mwenyewe. Akalirusha mbali haraka, na kilichobaki mkononi kilikuwa hasira.

"Hapo!" alisema, akapiga meza. "Hapo ndipo nilikuwa nangojea. Makaburi!"

"Mama Chrispine—"

"Wacha nimalize. Nyinyi wote mnajua sisi hatuziki hapa. Sisi tunachanga, tunakodisha basi, tunarudisha watu wetu nyumbani. Nyongesa mlimwona akipakiwa. Sasa leo kaburi ndio kitambulisho? Nani ana makaburi hapa kama si nyinyi?"

"Lakini imeandikwa 'au'," Peris alisema. "Si lazima uwe na yote matatu."

"Leo ni 'au'. Kesho tukienda kwa korti itakuwa kaburi ndio linaongea. Si nyinyi husema mahali mtu wako amelala hakuna wa kukuhamisha? Basi sisi ambao watu wetu hawajalala hapa, tutahamishwa."

Ni kweli, hivyo ndivyo Wadawida walivyoamini, na kila aliyekuwa mezani alijua. Unaweza kubishana nao kuhusu mpaka, kuhusu mti, kuhusu ng'ombe aliyepotelea Ndara, lakini ukionyesha kaburi, mabishano yanaisha na kofia zinavuliwa.

"Na zaidi ya hayo," Branice aliendelea, moto umemshika, "watu watarundika udongo waseme ni nyanya yao. Mtajuaje ndani kuna mtu ama kuna mawe? Mtafukua?"

"Hapo umesema," Ajwang' alidakia. "Mlango huo ni wa wezi. Tuuzibe."

Mwandawiro alivua miwani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa na mtoto wake mbele za watu. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "naomba usome tena. Ukiwa peke yako. Usome ukijifikiria wewe."

"Nimesoma. Mimi si wa kufundishwa kusoma."

Walipiga kura, na kifungu cha makaburi kikafutwa. Ile jioni Laini nzima ilijua, na wateja wa kibanda walimpongeza Branice kana kwamba amerudi kutoka vitani. Ajwang' alikunywa vikombe viwili akamwambia kila aliyepita kwamba mama huyu amemshika nyapara mkono ukiwa mfukoni. Branice alikataa kupokea pesa yake.

Siku chache kabla ya mkutano mkuu, Mwandawiro alikuja kibandani wakati watu wamejaa. Alisema "Mulembe," kisha akasema anaomba wazungumze kando kidogo, mambo ya faragha.

Branice aliwatazama wateja wake, nao wakamtazama. Mzee anataka faragha na mwanamke aliyemshinda! Ikiwa hii si rushwa inayotafuta mlango, basi rushwa ni nini?

"Mzee, faragha ya nini? Sema hapa. Hapa hakuna mgeni."

Mwandawiro alizungusha kofia yake mikononi. "Basi," alisema, "hili si la kusemwa hapa." Akaenda zake bila chai. Kibanda kizima kiliangua kicheko, na Branice alicheka kuliko wote, ingawa baadaye, akiosha vikombe, jinsi mzee alivyozungusha ile kofia ilimrudia na hakuipenda.

Asubuhi ya mkutano mkuu alimkuta amesimama kwenye njia ya tangi la maji, mahali ambapo lazima angepita na ndoo yake. Hapakuwa na mtu mwingine karibu.

"Mama Chrispine, nipe dakika moja tu. Ukitaka upige kelele baadaye."

"Sema ukiwa hapo hapo ulipo."

"Wewe unajua utaingia kwa mlango gani?"

"Mlango gani?"

"Uanachama. Wewe hukuzaliwa hapa, ulikuja kuolewa. Wala siku kampuni ilifunga hukuwa kazini."

"Nyongesa alikuwa kazini miaka yote!"

"Alikufa kabla hawajafunga. Tena hata angekuwepo, ingekuwa ni yeye. Nilimuuliza Ndambuki. Alisema kila mtu anaandikwa kwa jina lake, mjane harithi uanachama. Nilitaka kuandika 'na wajane', watu wangu wakakataa, wakasema wajane wa mkonge watajaza mabasi kutoka bara nzima. Nikafikiri, nitafute neno ambalo hawa wazee wetu hawawezi kulikataa. Nikatafuta, nikapata moja."

Branice aliweka ndoo chini. Kichwa chake kilikuwa kinamwambia asimsikilize, huu ni ufundi, huyu amekaa usiku akiupanga. "Watoto wangu," alianza kusema, kisha akanyamaza, kwa maana Chrispine na Morris wote wawili walizaliwa Bungoma. Mama mkwe aliamuru hivyo. Baada ya yale yaliyotokea kwa wa kwanza, alisema hakuna tena kujifungulia kwenye mkonge.

"Sifuna yuko pale," Mwandawiro alisema. "Nyuma ya bohari, juu kidogo."

Jina hilo lilikuwa halijatamkwa na mdomo wa mtu mbele ya Branice tangu alipokuwa msichana aliyeolewa majuzi. Mtoto aliishi majuma machache tu. Jina alipewa na baba yake chumbani, kimya kimya, na alipozimika asubuhi moja, nauli ya kumpeleka Bungoma haikuwepo, na wakubwa wa ukoo walisema kichanga hakirudishwi, wala hakikaliwi matanga, wala mama haendi. Nyongesa alimchukua ndani ya shuka, akarudi mikono mitupu, wakubwa wakamkataza kusema, naye hakusema. Aliyejua jina hilo ni wao wawili.

"Nani alikwambia?"

"Nyongesa mwenyewe. Mimi ndiye nilishika jembe. Alilitamka tukimshusha, kisha akaniambia nisiseme kwa mtu, na sijasema. Ungetaka niseme mezani, mbele ya Ajwang'? Ama kibandani?"

Branice alimfuata, bado akiwa hatua kadhaa nyuma, bado akiangalia kama kuna mtu kichakani anayewangoja. Nyuma ya bohari, mahali ambapo mkonge wa zamani umechanua milingoti yake na kufa, palikuwa na vilima vidogo vidogo vya mawe, vingi kuliko alivyodhani. Vyote vifupi. Mwandawiro alisimama kwenye kimoja kilichopaliliwa.

Branice alikitazama muda mrefu. Kisha lile jicho la Laini lilifunguka ndani yake, na hakuweza kulizuia. "Nitajuaje si mawe tu?" aliuliza. "Nitajuaje hukuyapanga jana?"

"Hutajua," mzee alisema. "Mimi ningekuwa wewe pia ningeuliza."

Angejitetea, Branice angemshuku mpaka kufa. Lakini hakujitetea, na jina alikuwa nalo. Branice alipiga magoti akashika jiwe la juu, lilikuwa baridi, akalia kwa sauti aliyokatazwa siku ile. Mwandawiro alimpa kisogo akatazama barabara mpaka alipomaliza.

"Na hawa wengine?" Branice aliuliza, akijifuta kwa leso.

"Wote ni wa Laini. Mama zao wako hai karibu wote. Wako kama wewe."

Bohari lilikuwa limejaa pomoni alipofika. Ndambuki alieleza utaratibu: rasimu inasomwa, mwenye kutaka kubadilisha kifungu asimame, ipigwe kura, theluthi mbili zikubali. Kilipofika kifungu cha uanachama, na milango yake miwili iliyobaki, Branice alisimama. Watu wa Laini walimpigia makofi kabla hajasema neno.

"Nataka kile cha makaburi kirudishwe," alisema.

Makofi yalikufa. Mtu mmoja alicheka, akidhani ni utani.

"Nilikosea. Nilidhani ni mtego. Wajane wa Laini, na nyinyi mlioolewa hapa ambao hamkuwa kwenye kazi, hatuna mlango mwingine. Mimi nina mtoto amezikwa nyuma ya hili bohari. Anaitwa Sifuna. Alizaliwa hapa, akafa hapa. Na wengi wenu mko na wenu pale, mnajua."

Wanawake kadhaa waliinamisha vichwa. Hakuna aliyesimama. Ilikuwa imemchukua Branice nusu ya maisha kulitamka, na wao alikuwa amewapa dakika moja.

"Wamekupa nini?" sauti ilitoka nyuma.

"Leo asubuhi alikuwa na nyapara huko vichakani! Mimi nimewaona!" mwingine alidakia.

Kicheko kilitanda, kile kile cha kibandani. Branice alimgeukia Ndambuki, akamwomba awaeleze, kwa jinsi ilivyoandikwa, mjane ni mwanachama ama si mwanachama. Ndambuki alifungua karatasi zake, akasema kweli bila kuzunguka: kwa jinsi ilivyoandikwa, si mwanachama. Bohari likanyamaza. Hapo Branice alipata matumaini, kwa sababu alidhani wamenyamaza kwa huruma. Kumbe wengine walikuwa wanagawanya shamba upya kichwani, na vijana waliozaliwa pale walianza kutazamana.

Ajwang' alisimama, shati jeupe, sauti ya asali.

"Mama yetu ana uchungu, na mimi nalia naye," alisema. "Lakini ni yeye mwenyewe alitufungua macho. Si alisema watu watarundika udongo waseme ni nyanya? Alisema ukweli. Tukifungua huo mlango leo, kesho kila mtu atakuja na kaburi. Tupitishe hii tuliyo nayo, tusajiliwe. Katiba si Biblia, tutarekebisha baadaye."

Branice alimtazama, na kwa mara ya kwanza alimtazama kama alivyokuwa akimtazama Mwandawiro. Huyu alikuwa mezani siku zote. Alizisoma karatasi zile zile. Alizaliwa Laini, tena alikuwa kazini siku ya mwisho, milango miwili yote yake. Alijua? Alijua tangu lini? Hata siku ile alipomwita jicho? Alimtafutia usoni dalili yoyote, lakini Ajwang' alikuwa amekwisha kugeukia umati.

Mikono iliyoinuka kukubali ombi la Branice ilikuwa ya Wadawida, karibu wote, wazee kwa vijana, na Mwandawiro wa kwanza. Upande wa Laini ulikaa na mikono mapajani, hata wanawake ambao vilima vyao alikuwa ametoka kuvitazama. Waliogopa kumwamini mtu aliyewafundisha wasiamini. Theluthi mbili haikupatikana, na katiba ikapita kama ilivyokuwa, kwa vigelegele.

Sasa ilikuwa zamu ya serikali. Ndambuki alieleza kwamba kura ya kamati ni ya wanachama tu, na kwamba wanachama ni wale wa kifungu kilichopitishwa sasa hivi. Aliwaomba wengine, bila ubaya, wasogee upande wa mlango na kukaa kama wageni waalikwa. Ndipo walipoelewa. Wanawake walianza kusimama mmoja mmoja katikati ya safu, wakiokota mikoba na leso zao, wengine wakiwauliza waume zao kitu kwa sauti ya chini na kutojibiwa. Mmoja, akipita mbele ya Branice, alimwambia, "Ungetuambia mapema," akapita. Branice alibeba kiti chake cha plastiki akakiweka mlangoni pamoja nao.

Ajwang' alichaguliwa mwenyekiti bila mpinzani. Alipanda juu ya mizani, akamshukuru Mungu, akamshukuru ofisa wa ardhi, akawashukuru wazee wa pande zote. Kisha akanyoosha mkono kuelekea mlangoni.

"Na zaidi ya wote," alisema, "tumpigie makofi Mama Chrispine. Bila yeye, katiba hii haingekuwa hivi ilivyo."

Watu wakageuza viti vyao kumwangalia, na wakampigia makofi kwa muda mrefu.